Muuaji hakuvaa nyeusi: majibu kuhusu gemu za kunyatia

Tangu niseme hapa kwamba napenda gemu ambazo upanga hautoki alani ovyo, maswali hayajakoma. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu wiki hii.

*Hivi wale wauaji wa Assassin's Creed walikuwepo kweli, au wametungwa tu?* (Morogoro)

Walikuwepo, ila si wale unaowaendesha kwa pedi. Gemu ya kwanza ilitoka 2007 na hadithi yake ni ya mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba. Altaïr, mhusika mkuu, anatumwa kutoka ngome ya Masyaf, huko Syria, na ngome hiyo ipo. Waliokuwa wakiishikilia ni Waismailia wa Kinizari, tawi la Washia, chini ya Rashid ad-Din Sinan. Wenzao wa Uajemi walikuwa wameitwaa ngome ya Alamut tangu 1090. Ukipita karibu na jamatkhana ya Dar es Salaam au Mombasa, wanaosali mle ni wa madhehebu hayohayo, wafuasi wa Aga Khan, kwa hiyo usilitumie jina hilo la gemu, "Assassin", kwa utani. Lilianza kama tusi la maadui, kutokana na neno hashishi.

Sasa tuje kwenye kunyatia. Tarehe 28 Aprili 1192, mjini Tyre, Conrad wa Montferrat, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa kuwa mfalme wa Jerusalem, alichomwa visu njiani na watu wawili waliojifanya watawa. Miaka mia moja kabla yake, 1092, waziri Nizam al-Mulk aliuawa na mtu aliyemwendea katika mavazi ya Kisufi. Ona walivyofanya: kujificha kwao kote kulikuwa kabla ya kisu. Kisu kikishatoka, hakuna paa la kupanda wala uchochoro wa kukimbilia. Muuaji alisimama palepale na mara nyingi akafia hapohapo, kwa sababu kazi yenyewe ilitakiwa ionekane na watu. Gemu imepindua mambo: unaingia kwa dakika mbili, halafu utamu wote uko kwenye kutoroka.

Nikiri kitu. Mwaka 2007 nilicheka nilipoona Altaïr anainamisha kichwa na kutembea katikati ya wanazuoni wa kanzu nyeupe, na askari wanampisha. Nikaona ni ujinga. Leo naona ndiyo sehemu pekee iliyoikaribia Tyre.

*Kuruka kutoka mnarani na kuangukia mkokoteni wa nyasi, mtu anapona?* (Nakuru)

Hapana. Ukiruka kutoka mita 50, unafika chini kwa kasi ya kama kilomita 113 kwa saa. Nyasi zenye kina cha mita moja na nusu, hata zikikupokea vizuri na sawasawa, zitakubana kwa nguvu zaidi ya mara 33 ya uzito wako. Na chini ya nyasi kuna mbao za mkokoteni.

*Mwalimu wetu wa karate anasema ninja hawakuvaa nyeusi. Anatudanganya?* (Tanga)

Mwalimu wako yuko sahihi. Ile suti nyeusi inahusishwa na jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, ambako wasaidizi huvaa nyeusi na watazamaji wamezoea kuwahesabu kama hawapo. Ninja akitokea jukwaani kwa vazi hilohilo, ukumbi mzima unashtuka. Kitabu cha mafunzo cha Kijapani cha 1681, Shōninki, kinataja njia saba za kujigeuza: mtawa mpiga filimbi, mtawa wa Kibudha, mcha Mungu wa milimani, mfanyabiashara, mwanamazingaombwe, mchezaji wa jukwaani, na mtu wa kawaida tu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Ni gemu chache zinazokupa "mtu wa kawaida" kama silaha.

Ghost of Tsushima, ya 2020, ina kosa la aina nyingine. Hadithi ni ya 1274, Wamongolia wanaivamia Tsushima, na Jin, mhusika mkuu, anakaa chini ya mti kutunga haiku, ushairi uliokuja karne kadhaa baadaye. Mimi nimemsamehe. Upepo wa kile kisiwa unasamehesha mengi.

*Yule Yasuke wa Assassin's Creed Shadows alikuwa mtu wa huku kwetu?* (Kilwa)

Wengi wanamweka Msumbiji, kwa kuwa kitabu cha Mfaransa mmoja, cha 1627, kinasema alitoka huko. Alifika Japani 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano. Mwaka 1581 alipelekwa kwa Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, naye akaamuru asuguliwe kwa kudhani ni rangi imepakwa. Mtu mmoja wa zama hizo aliandika kwenye shajara yake kwamba ngozi yake ilikuwa kama wino na urefu wake shaku 6 na sun 2, yaani karibu sentimita 188. Watu wa Kyoto walijazana kumtazama hadi wakavunja mlango wa nyumba ya Wajesuiti.

Ndiyo maana gemu hiyo ya 2025 imefanya jambo la busara. Kazi ya kuzima taa na kulala kifudifudi kwenye kivuli amepewa Naoe, msichana wa kubuni. Yasuke akijaribu kunyata, wote wanamsikia. Mtu aliyewafanya watu wavunje mlango ili wamwone atajificha wapi?

*Ni gemu gani ambayo kunyatia kwake kunakaribia ukweli?* (Mwanza)

Kingdom Come: Deliverance, ya studio ya Warhorse ya Prague, 2018. Mwaka ni 1403, Bohemia (Cheki ya leo), nawe ni Henry, mtoto wa mhunzi. Nguo zako zinahesabiwa mambo matatu: zinavyopiga kelele, zinavyoonekana gizani, na zinavyovuta macho.

Usiku wangu wa kwanza katika mji wa Rattay nilikwenda kumwibia mfanyabiashara nikiwa na deraya mwilini. Hatua tatu tu, chuma kikaanza kulia kama sufuria ndani ya beseni la mama lishe. Mwenye nyumba akaamka. Nikajifunza. Usiku uliofuata nikavua kila kitu cha chuma, nikavaa kitambaa cheusi, nikatoka. Askari akanisimamisha barabarani: mtu anatembea mjini usiku bila mwenge, ana nia gani? Ukibeba mwenge unaonekana, usipobeba unashukiwa. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu, maana mara ya mwisho nilikuwa nimeseivu mbali kabisa. Ndani ya gemu hiyo kuseivu kwa kawaida ni mpaka ulale kitandani mwako au unywe pombe maalumu, nayo ni ghali.

Sehemu ya pili, ya Februari 2025, imekwenda mbali zaidi. Usipooga, harufu inakutangulia. Na ukionekana unazubaa jikoni kwa mtu, kisha vitu vyake vikapotea, wewe ndiye wa kwanza kutafutwa. Ukweli ninaoutaka ni huo. Waweza kunichorea kila jiwe la Baghdad ya karne ya 9, kama Assassin's Creed Mirage, lakini kama mlinzi ananisahau nikishakaa kwenye benchi, bado nacheza kombolela.

*Kwa nini walinzi wa gemu ni wajinga hivi?* (Kampala)

Kwa makusudi. Mlinzi anasema kwa sauti "Nani pale?" ili wewe usikie na ujirekebishe. Mlinzi wa kweli angenyamaza, akaenda kuwaita wenzake, na gemu yako ingeisha hapo. Wakubwa wa zamani, hata hivyo, husemekana hawakuwategemea walinzi peke yao. Pale ngome ya Nijō, Kyoto, sakafu za korido hulia kama ndege ukizikanyaga, iwe fundi alikusudia au ni misumari imelegea kwa uzee.

*Laptopu yangu ni ya zamani. Nianze na ipi?* (Bujumbura)

Commandos ya 1998, ikiwa ni ya zamani kabisa. Ikiwa ina nguvu kidogo, tafuta Shadow Tactics ya 2016, Japani ya 1615. Penye theluji, kumbuka walinzi wanafuata nyayo zako. Ukifika kwa Aiko, mmoja wa wahusika unaowaendesha, hakikisha ameiba kimono kwanza, kisha mpitishe mbele ya mlinzi akipiga naye soga.