Kabla Hujahesabu V, Tazama Bega

Siku ya nne kambini nilimpigia saluti afande wa jiko. Tulikuwa wawili, tumeshika sufuria la uji kila mtu upande wake, tukakutana naye mlangoni. Nikaona V tatu zimetulia mkononi mwake, nikasema moyoni: huyu ndiye mkubwa wa hapa. Nikaachia upande wangu wa sufuria, nikampigia saluti. Uji ukaenda chini. Yeye akautazama uji, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Kuruta, mimi nimepewa kamisheni lini?"

Niliruka kichura kuzunguka jiko mpaka magoti yakaanza kuimba. Jioni ileile nikapishana na kijana mwembamba, umri wangu kabisa, ana kinyota kimoja begani. Nikamwambia, "Mambo." Adhabu ya hiyo siisimulii hapa.

Nilikuwa nimetoka Isevya, Tabora mjini, nikapanda treni kwenda Kigoma kujiunga na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kama maelfu ya waliomaliza kidato cha sita. Nyumbani waliniambia nibebe raba, soksi, dawa ya mba na pesa ya nauli ya kurudi. Hakuna aliyeniambia habari za mabega. Kwa hiyo mdogo wangu uliyepangiwa Bulombora, Kanembwa au Mtabila huko Kigoma, au Msange hapa kwetu Tabora, hili nakuandikia wewe.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu. Niliona tatu, kisha nikaona moja, nikadhani tatu ni kubwa. Jeshini unaanza na mahali alama ilipokaa, ndipo unahesabu. Alama za mkononi ni za askari: V moja koplo usu, mbili koplo, tatu sajenti, kisha sajinitaji, na juu yake wapo maafisa wateule wa daraja la pili na la kwanza. Nyota za begani ni za maafisa: moja luteni usu, mbili luteni, tatu kapteni. Kuanzia meja nyota haziko peke yake tena, inaingia alama ya taifa, na nyota zinaanza kuongezwa upya juu ya hiyo kwa luteni kanali na kanali. Majenerali utawaona kwenye televisheni. Ukimwona mmoja kambini, utakuwa umeshafagia siku tatu mfululizo kumsubiri, huwezi kukosea.

Kwa hiyo yule kijana wa kinyota kimoja alikuwa juu ya sajenti wangu wa jikoni, ingawa sajenti alikuwa na umri wa baba yake. Ilinichukua wiki mbili kulikubali hilo. Kwetu Unyamwezini mtoto ndiye anayeanza, unasema mwangaluka ukiwa umeinama kidogo, mkubwa anaitikia. Shikamoo nayo ni hivyohivyo, inafuata miaka. Saluti haijali miaka. Inafuata kamisheni, ile ambayo Rais, kama Amiri Jeshi Mkuu, anawapa maafisa wanapomaliza mafunzo, wengi wao pale chuo cha kijeshi cha Monduli. Ukimpigia afisa saluti hujamwinamia yeye, umeiheshimu ile kamisheni na aliyeitoa. Ndiyo maana afisa mteule, asiye na kamisheni hiyo lakini mwenye miaka mingi kazini na sauti inayoweza kusimamisha gwaride zima, humpigii saluti. Unasimama wima, unasema, "Jambo afande." Ukimpigia, anaona unamdhihaki.

Lakini saluti na shikamoo zina undugu mmoja: zote lazima ziitikiwe. Mdogo anaanza, mkubwa anarudisha. Nilimwona afisa mmoja ametingwa na simu sikioni, kuruta kampigia saluti, akaihamishia simu mkono wa kushoto ili amrudishie. Tangu siku hiyo nikaacha kuiona saluti kama utumwa.

Hapo nilipotaja "jambo afande" ngoja nisisitize, maana wengi wanaangukia hapa. Usiseme shikamoo. Mdomo utaitamka wenyewe siku za kwanza, hasa kwa afande mama wa makamo anayefanana na shangazi yako. Kaza mdomo. Na neno afande lenyewe si la kwetu asili, ni efendi la Waturuki, lililoletwa huku na askari wa Kisudani ambao Wajerumani waliwachukua Misri mwaka 1889. Wakati huo koplo aliitwa ombasha na sajenti shaushi, na efendi kilikuwa cheo cha juu kwa askari mweusi. Ombasha na shaushi wamezikwa, afande amebaki, na siku hizi hata mgambo wa sokoni anaitwa hivyo.

Nikiwa kwenye historia, acha niseme na hili, maana watu wa Tabora tunalisahau. Sajinitaji, kama jina linavyosema, ni sajenti wa taji. Kwa Waingereza cheo hicho ni V tatu na taji la mfalme juu yake, na meja wao huvaa taji begani. Sisi taji tumeliondoa kwenye nguo, likabaki kwenye neno. Na nyota za begani zilishawahi kugombewa hapahapa mjini. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na batalioni ya pili, iliyokuwa Tabora, ikafuata. Walidai mishahara, na walidai maafisa Waingereza wapishe Waafrika. Kwa maneno ya kuruta: V zilikuwa zetu, nyota za juu zilikuwa zao. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Mkuu wa Majeshi wake wa kwanza akiwa Mrisho Sarakikya, Mtanganyika aliyesomea uafisa Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza. Mimi nililijua hili baada ya kutoka kambini. Ningelijua kabla, kile kinyota kimoja nisingekiambia mambo.

Turudi kwenye sufuria. Mikono ikiwa na mzigo, usiutupe. Kikosini kwetu tulifundishwa kusimama, kukaza mwili, kumtazama afisa usoni na kutoa jambo. Bila kofia vilevile: mkono haupandi, mwili ndio unaoongea. Mkiwa kundi, si kila mtu arushe mkono wake kama mnafukuza nzi, mmoja anayewaongoza anatoa heshima kwa niaba yenu. Maafisa wakiwa wawili pamoja, saluti yako ni ya mkubwa wao. Na kama umeshindwa kabisa kujua aliye mbele yako ni nani, kwa sababu jua limekupiga machoni au amevaa koti la mvua, simama wima kwanza. Sijaona kuruta aliyeadhibiwa kwa kusimama wima.

Kuna jambo la uraiani pia. Saa kumi na mbili jioni ukipita karibu na kituo cha polisi au kambi, ukasikia filimbi, simama. Bendera inashuka. Hata bodaboda huzima pikipiki. Hupigi saluti, wewe ni raia, mikono ikae ubavuni. Usidhani pia kwamba ulichojifunza kambini kinatosha kwa polisi. Alama zinafanana, majina hapana: nyota tatu jeshini ni kapteni, polisi ni mrakibu msaidizi.

Na ukirudi nyumbani usije na kipande cha kombati kwenye begi kama kumbukumbu. Najua kishawishi, mimi nilitamani kofia. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, na sheria ya kuyakataza ilikuwepo kabla ya hapo. Piga picha ya siku ya kuhitimu, inatosha.

Miaka miwili baadaye nilikuwa stesheni ya Kigoma nasubiri treni ya kurudi Tabora, nimekaa juu ya boksi la migebuka mikavu ya mama. Akaja yule wa kinyota kimoja. Amevaa fulana na kandambili, amebeba mtoto. Nikasimama wima kabla akili haijafika. Mkono ukaanza kupanda, nikaukamata njiani, nikausingizia kujikuna sikio. Akacheka. "Mambo," akasema.

"Jambo afande," nikajibu, na watu wote kwenye benchi wakageuka kutuangalia.