Kabla Hujadai Mamlaka, Uliza Fedha Ziko kwa Nani

Nilihudumu muhula mmoja kama mwakilishi wadi katika Pwani ya Kenya, na ushauri wangu kwa kijana anayetaka kuingia siasa kwa kutetea ugatuzi, yaani kuzikabidhi kaunti mamlaka na fedha za serikali kuu, ni huu: kabla hujapanda jukwaani kudai mamlaka, uliza fedha ziko mkononi mwa nani.

Nilijifunza kwa aibu. Katika baraza langu la kwanza, mama mmoja alinionyesha paa la shule ya msingi lililoezuliwa na upepo, nami, kwa kulewa makofi, nikaahidi kwamba kaunti ingeliezeka kabla ya muhula kwisha. Kesho yake karani alinifungulia Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, akaweka kidole kwenye mstari: kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Nilirudi kumweleza yule mama. "Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "ulituahidi mali ya mwenzio?"

Ndipo nilipoanza kumwelewa Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani aliyetetea majimbo wakati wa uhuru. Mwaka 1963 alikuwa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani, na katiba ya majimbo ilimpa mamlaka mengi katika maandishi. Lakini serikali kuu haikuwa na haraka ya kuyakabidhi majimbo fedha na watumishi, na kufikia Novemba 1964 chama chake cha KADU kilikuwa kimejivunja na kujiunga na KANU, chama tawala. Wapo wanaomlaumu kwa kusalimu amri mapema. Mimi niliyewahi kungoja mgao uliochelewa, huku vibarua wa barabara wakinibishia mlango alfajiri, simlaumu sana.

Leo Ibara ya 203 ya Katiba ya 2010 inazitengea kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini isome hadi mwisho: asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, kwa hiyo uidhinishaji ukichelewa, kipimo kinakuwa mapato ya miaka iliyopita. Pigania hapo.

La mwisho hutalipenda. Makao makuu ya kaunti nayo hugeuka Nairobi ndogo, na wadi hubaki kuomba. Siku niliyoiunga mkono bajeti iliyonenepesha ofisi zetu na kuikondesha zahanati ya kijijini, yule mama alikuwa ameketi upande wa wageni. Tulipotoka, hakuitikia salamu yangu.