Mahindi yamesombwa na mto Nyamwamba: uanzie wapi?

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama serikali italipa ekari zako mbili zilizosombwa na mafuriko hapo Kasese, Uganda. Usihesabu fidia ya pesa. Msaada wa Ofisi ya Waziri Mkuu mara nyingi huwa chakula, maturubai au mbegu, na hugawiwa kwa orodha ya walioathirika. Ili uwemo, fanya hivi.

Kabla hujalima tena, piga picha shamba zima, na moja ionyeshe kitu kisichohama: daraja, shule, mwembe. Kisha pata barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yenye mhuri. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mwombe afisa kilimo wa sabukaunti aje apime mwenyewe; ripoti yake ndiyo inayopanda hadi kwa CAO, afisa mkuu wa utawala wilayani. Baki na nakala iliyogongwa “imepokelewa”. Mume na mke wasiandikishe shamba lilelile mara mbili. Anayedai hela ili akuandikishe, mkatalie kabisa.

Msimu ujao ulizia bima ya kilimo kabla ya kupanda. Tangu 2016 serikali huchangia ada yake, nusu kwa mkulima mdogo.