Maswali ya Wasomaji: Viza ya Mke Imekataliwa, Tufanye Nini?

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu na ninaishi Kayole. Mume wangu ni mzaliwa wa Murang'a ambaye sasa ni raia wa Marekani, na ndiye aliyeniombea viza ya mke. Tulifanya ruracio, yaani sherehe ya Kikuyu ya kupeleka mahari, nyumbani kwetu mwaka 2021, kisha mwaka 2023 tukafunga ndoa ya kiserikali mbele ya Msajili, Sheria House, tukapewa cheti. Ombi lake lilikubaliwa huko Marekani, nami nikaitwa kwa mahojiano hapa Nairobi. Nilipoulizwa tulioana lini, nilitaja siku ya ruracio, kwa maana hiyo ndiyo siku niliyotoka kwa baba yangu, ilhali fomu ilikuwa na tarehe ya cheti. Nikaulizwa pia kuhusu mke wa kwanza wa mume wangu, Mmarekani waliyetalikiana, nikashindwa kutaja mwaka wa talaka. Ofisa alinirudishia pasipoti pamoja na karatasi, akaniambia kwamba ombi linarudishwa Marekani likaangaliwe upya. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi katika shule ya kibinafsi, na jamaa walikuwa wamenichangia nauli. Mama mkwe hasemi neno, lakini wifi zangu wananong'ona kwamba huenda mume wangu hanitaki huko. Bwana mmoja hapa mjini anataka nimlipe ili "aifungue" faili. Je, ndoa yetu imekataliwa? Tuanze ombi jipya?

Mke wa Mbali, Kayole

JIBU

Dada, pole kwa masaibu hayo. Ndoa yenu haijakataliwa. Ndoa iliyofungwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ni halali nchini Kenya, na ofisa wa ubalozi hana uwezo wa kuitangua. Kilichokataliwa ni viza, na kwa jinsi ulivyoeleza, kimekataliwa kwa namna ambayo mumeo bado ana nafasi ya kujibu.

Itoe hiyo karatasi uliyopewa uisome tena ukiwa umetulia, utafute nambari ya kifungu cha sheria kilichotajwa. Ninakisia kwamba utakuta 221(g) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani. Kifungu hicho hutumika pale ambapo ofisa hawezi kutoa viza siku hiyo, ama kwa sababu hati fulani imekosekana, ama uchunguzi haujakamilika, ama, kama ilivyo kwako, ofisa ana shaka kwamba ombi lenyewe halikustahili kukubaliwa. Hakikufungii njia milele. Vifungu vilivyo chini ya 212(a) ni vizito zaidi, kwa kuwa vinamhusu mwombaji mwenyewe: kuna cha udanganyifu, kuna cha kuwahi kukaa Marekani bila kibali, na kuna cha kuogopewa kuwa mzigo kwa serikali. Kama karatasi yako inataja mojawapo ya hivyo, niandikie tena, kwa sababu sehemu ya ushauri huu itabadilika.

Ombi linaporudishwa, huondoka Nairobi likapitia Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, hadi kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, ile inayojulikana kwa herufi USCIS, ambayo ndiyo iliyolikubali mwanzoni. Safari hiyo ni ya polepole; huchukua miezi mingi, na wengine husubiri zaidi ya mwaka bila kusikia lolote. Idara ikiona shaka za ofisa hazina uzito, italithibitisha ombi na kulirudisha ubalozini. Ikiona zina uzito, itamwandikia mumeo notisi ya kusudio la kubatilisha, ikieleza ni jambo gani hasa linalotiliwa shaka. Atakayeandikiwa ni yeye na wala si wewe, kwa sababu kisheria ombi ni lake. Kwa kawaida hupewa siku 30 za kujibu, na akinyamaza, ombi hubatilishwa hata kama ndoa ni ya kweli kabisa. Kwa hiyo jambo la kumwambia usiku huu huu, kabla ya yote, ni ahakikishe kwamba anwani yake katika kumbukumbu za idara hiyo ni ile anayoishi sasa.

Tuje kwenye tarehe, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha shauri lenu, na naona umelipitia jambo hilo upesi mno. Mkenya yeyote anaelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa na siku mbili za kuolewa. Hata sheria yetu inaitambua ndoa ya kimila na kuagiza isajiliwe, ingawa watu wengi hawaisajili. Ukiwa na barua za wazee waliohudhuria, picha za siku hiyo, na maelezo mafupi ya mila yenyewe, tofauti ya 2021 na 2023 inaelezeka bila taabu.

Linalonitia wasiwasi ni tarehe ya tatu, ile ambayo hukuijua. Mumeo alitalikiana na yule mke wa kwanza lini? Ikiwa hukumu ya talaka ilitolewa kabla ya ruracio, basi mna makosa ya kumbukumbu tu, na hati zitayaondoa. Lakini ikiwa talaka ilikamilika kati ya 2021 na 2023, ofisa aliyekusikiliza alisikia jambo jingine kabisa: mwanamume aliyepeleka mahari Murang'a au kwingineko akiwa bado na mke Marekani. Atajiuliza kama ile ndoa ya kwanza ilikuwa ya kutafutia makaratasi, na swali hilo likishaulizwa, linaweza kuugusa hata uraia wake. Tena Sheria ya Ndoa ya hapa kwetu inamkataza mtu aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine, kwa hiyo ruracio ya wakati huo isingehesabiwa kuwa ndoa halali, bali sherehe ya familia mbili kukubaliana. Hayo yote yanaweza kuelezwa kwa ukweli, na kwa bahati cheti mnachokitegemea ni cha 2023. Ninachokusihi ni kwamba umwulize mumeo swali hili wazi, bila kulizungusha, naye akujibu kwa nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama iliyoitoa. Mke ambaye hajui mwaka wa talaka ya mumewe hashangazi sana. Wanaume wengi wa kwetu hawapendi kuzungumzia nyumba ya kwanza. Lakini kwa mtu anayepima kama ndoa ni ya kweli, kutojua huko ni dalili.

Msije mkashawishika kuifuta ruracio. Wapo watakaokushauri useme kwamba ulikosea, kwamba hakukuwa na sherehe yoyote mwaka 2021. Umekwisha kuitaja katika mahojiano, na ofisa huandika anayoambiwa. Ukiikana sasa, jambo lililokuwa na maelezo litageuka kuwa uongo, na uongo katika jambo la msingi huangukia kifungu cha 212(a)(6)(C)(i), ambacho humzuia mtu maisha yake yote. Msamaha wake huombwa kwa fomu I-601, nao unadai kuthibitisha kwamba mume, mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani atapata taabu ya kupita kiasi mwombaji akizuiwa. Taabu ya mtoto haihesabiwi yenyewe, isipokuwa kwa jinsi inavyomlemea mzazi wake.

Unauliza kama muanze ombi jipya. Sheria haikatazi, lakini kwa maoni yangu kufanya hivyo kabla ya notisi kujibiwa ni kupoteza ada na muda, maana atakayelisoma jipya atalikuta la zamani kando yake. Tena kuna hatari kubwa zaidi. Idara ikihitimisha kwamba ndoa ilifungwa kwa ajili ya kukwepa sheria za uhamiaji, kifungu cha 204(c) huzuia ombi lolote la baadaye kwa ajili yako, hata likiletwa na mtu mwingine. Ndiyo sababu jibu la notisi hiyo ndilo linalostahili fedha, subira na wakili. Nikisema wakili, nina maana ya mwenye leseni katika jimbo lolote la Marekani, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Wakili wa Nairobi atakusaidia kuandaa viapo na kutafuta hati, na hilo si dogo, lakini hawezi kumwakilisha mumeo mbele ya USCIS. Ombi likibatilishwa licha ya jibu lenu, mumeo atakuwa na siku 15 tu za kukata rufaa, kwa hiyo wakili awe amepatikana mapema.

Huyo bwana anayetaka kuifungua faili hana ufunguo wowote. Faili haipo mjini. Akikupatia barua au cheti cha kughushi cha River Road kiingie katika jibu lenu, atakuwa amewapa maofisa wa Marekani ushahidi ambao hawakuwa nao.

Wakati mnangoja, kuna kazi ambayo ni yako. Andika leo maswali yote uliyoulizwa na majibu uliyotoa, kwa mpangilio unaoukumbuka, kabla hayajafifia, wakili atayahitaji. Kusanya taarifa za M-Pesa na za benki zinazoonyesha fedha alizokutumia na ulizomtumia, mihuri ya pasipoti ya kila alipokuja, rekodi za simu, na mkataba wa nyumba kama majina yenu yote mawili yamo. Watu wawili watatu wanaowafahamu nyote waape mbele ya kamishna wa viapo, wakieleza waliyoyaona kwa macho yao, si sifa za jumla kwamba mnapendana. Hati iliyo katika Kikuyu au Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyotiwa sahihi na mtafsiri. Na mumeo akiweza, aje. Likizo aliyoipitisha Kayole ina uzito kuliko mamia ya picha za simu, na nadhani mnaihitaji kwa sababu nyingine pia.

Wengine watakuambia mkamshtaki ofisa. Mahakama za Marekani kwa kawaida hazipitii uamuzi wa viza uliofanywa na ofisa wa ubalozi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya raia aitwaye Sandra Muñoz ambaye mumewe kutoka El Salvador alinyimwa viza, kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kudai mwenzi wake asiye raia aingizwe nchini. Msitie tumaini lenu huko.

Sasa kuhusu nyumbani. Aibu unayoisikia ni ya mtu aliyeagwa akabaki, na katika jamii zetu hilo huonekana kana kwamba kuna neno limefichwa. Usibebe kazi ya kuwaeleza wakwe peke yako. Ni mumeo anayepaswa kumpigia mama yake na dada zake, awaambie kwa kinywa chake kwamba ombi limerudishwa kwa sababu ya tarehe na kwamba yeye ndiye anayelishughulikia. Wifi akiyasikia kwa kaka yake, minong'ono itapungua, au angalau itabadilisha mada. Waliochangia nauli nao waambiwe kwamba fedha zipo, na kama zimeliwa, wambieni hivyo.

Rudi kazini kama shule itakupokea, au tafuta nyingine. Najua inauma kuishi kana kwamba husafiri, lakini kungoja bila mshahara katika Nairobi hii, kila senti ikitoka kwa mtu aliye mbali, kutaleta ugomvi ambao hakuna notisi itakayoutaja. Zungumzeni pia jambo ambalo wanandoa wengi wa namna yenu hawalitaji: Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na mzaliwa wa Murang'a aliyepoteza uraia wake anaweza kuomba kuurejesha. Huenda hamtaki kuishi hapa. Lakini ni vizuri mjue kwamba maisha ya pamoja hayaamuliwi na dirisha moja la ubalozi.

SWALI LA PILI

Mke wangu ni mkaazi wa Marekani ambaye amekuwa raia hivi karibuni. Baada ya mahojiano nilipewa karatasi inayodai mdhamini mwenza kwa sababu mapato yake hayatoshi. Nikiangalia kwenye tovuti, naona imeandikwa kwamba nimekataliwa. Je, ndio mwisho?

Baba Zawadi, South B

JIBU

Hapana, kaka. Tovuti huandika kwamba viza imekataliwa kwa kila aliyepewa karatasi ya 221(g), hata anayesubiriwa alete hati moja tu. Mke wako anatakiwa kuonyesha mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, kwa idadi ya watu anaowatunza pamoja na wewe. Yakipungua, atafute raia au mkaazi wa kudumu anayeishi Marekani, mwenye mapato ya kutosha, atie sahihi hati ya udhamini na kuambatanisha taarifa zake za kodi. Mtu huyo aelewe kwamba ahadi hiyo inamfunga kisheria na haiondolewi na talaka. Una mwaka mmoja tangu siku uliyokataliwa kuwasilisha kinachodaiwa. Ukipita, utaomba upya na kulipa ada upya.

SWALI LA TATU

Nikisubiri viza ya mke, naweza kuomba viza ya kitalii nikamwone mume wangu?

Msomaji, Eastleigh

JIBU

Unaweza kuomba, lakini uwezekano wa kupewa ni mdogo. Kifungu cha 214(b) kinamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na wewe tayari una ombi la kuhamia. Fomu itakuuliza kama kuna aliyewahi kukuombea viza ya uhamiaji, nawe lazima ujibu ndiyo. Ningekuwa wewe, ada hiyo ningeiweka kwenye tikiti ya mume aje Nairobi.