Kuficha kikasha cha jiokeshi kwenye ardhioevu ndogo ya jamii

Jiokeshi ni mchezo wa kuficha kikasha na kutangaza mtandaoni kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo, ili wengine wakitafute kwa GPS; kikasha pamoja na maelezo yake ndio mtafuto. Ardhioevu ndogo iliyopakana na vishamba vya bustani ina nafasi finyu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Ukiondoa maji, matete na vishamba vyenye wenyewe, kinachobaki ni njia na kingo zake. Kikasha kikae hapo, mkono ukifike bila mguu kutoka njiani.

Sababu ni GPS yenyewe. Mahali pa wazi simu hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya miti mikubwa hata 10. Mtafutaji hupekua eneo lote hilo, kwa hiyo kikasha kilichowekwa ndani ya matete huchonga kinjia kipya, na ndege waliotaga humo huhama. Marundo ya magogo na mawe pia yaache kabisa. Vyura hujificha chini yake, na kila anayekuja atayafunua. Usifiche kwenye uzio wa vishamba: mtu anayechungulia mboga za wenzake huku ameshika simu atadhaniwa mwizi, na mwenye kishamba atakuwa na haki ya kuuliza.

Omba ruhusa kwa pande mbili, wanaotunza ardhioevu na kamati ya vishamba. Waulize ndege hutaga lini na maji hupanda hadi wapi. Kuchimba shimo hakuruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi.

Vikasha viwili vya mitafuto tofauti vinatakiwa kuachana angalau mita 161, hivyo mahali padogo hutosha kimoja tu. Ukitaka wageni wazunguke, tengeneza mtafuto wa hatua kadhaa: wahesabu nguzo za daraja, wachukue tarakimu kwenye kibao cha maelezo, kisha wakokotoe kodineti za mwisho. Vituo vya maswali havibanwi na kanuni hiyo ya umbali. Chagua vitu visivyobadilika. Kibao kikipakwa rangi upya, mtafuto wote umekufa.

Kwa chombo, kopo la plastiki la mililita 200 hadi 500 lenye klipu nne na mpira ndani ya mfuniko linatosha. Lijaribu kwanza: weka karatasi ya shashi ndani, lizamishe kwenye beseni usiku kucha chini ya jiwe. Kopo zuri huvuja kwa sababu ndogo sana. Unyasi mmoja ukilala juu ya mpira, au pembe ya mfuko wa daftari la wageni kuandika majina ikibanwa na mfuniko, maji huingia. Basi mfuko uwe mdogo kuliko kopo. Weka penseli, maana kalamu ya wino hugoma penye unyevu. Chakula na chochote chenye harufu visiwekwe, panya watatafuna plastiki.

Tazama alama ya takataka kavu zilizonasa kwenye nguzo: ndipo mafuriko yalipofika. Kikasha kiwe nusu mita juu yake, kimefungwa kwa waya kwenye nguzo, bila msumari kwenye mti. Kisichofungwa kitaelea kiende zake.

Pima kodineti siku tofauti, uchukue wastani. Andika kwa makini: 0.001 ya dakika ya latitudo ni kama mita 1.85, lakini ukikosea tarakimu iliyo kabla ya hiyo umempeleka mtu mita 18, pengine bwawani. Kwenye maelezo ya mtandaoni waombe wageni wasugue tope viatuni na kuvikausha kabla ya kwenda bwawa jingine, kwani tope hubeba magugu na maradhi ya vyura.

Kikague baada ya kila mvua kubwa. Msimu wa kutaga ukianza, sitisha mtafuto kwa muda na uchukue kikasha chenyewe, maana wapo wanaokuja na orodha waliyoipakua zamani.