Kabla hujatundika hata mpira mmoja, washa taa

Juzi dada mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniandikia kuhusu mti wake wa Noeli: “Yaya, dada yangu mkubwa, taa za sapini yangu zinawaka nusu, nusu nyingine giza. Nizitupe?” Usitupe. Nitakujibu. Lakini swali lako limenigusa pabaya, acha kwanza nikuambie yaliyonipata.

Noeli ya miaka miwili iliyopita ilikuwa zamu yetu kupokea familia ya mume wangu. Walitoka Likasi, watu kumi na mmoja, baba mkwe mbele na kofia yake. Mimi nilikuwa nimejipanga. Sapini ya plastiki, mita moja na nusu, kimo cha mwanangu wa kwanza. Girlandi nne, ile mikanda ya taa za mti, nilizinunua sokoni kwa kijana aliyezibeba begani kama mikufu; nikachagua za bei ya chini kabisa, nikajiona mjanja. Nyumbani nikatundika mipira ya dhahabu, riboni, malaika juu, halafu mwisho kabisa ndiyo nikazungusha taa kwa nje, kama unavyofunga bandeji kwenye mguu uliovunjika. Picha nikaweka kwenye WhatsApp saa tisa alasiri, sifa zikamiminika. (Bado ninazo zile picha. Mbaya!)

Saa moja jioni, umeme ukaenda. Mvua ya Desemba mnaijua, Lubumbashi nzima inapiga bati. Tukala kwa mwanga wa buji, yaani mishumaa. Saa tatu na kitu umeme ukarudi, na ulirudi kwa nguvu: ampuli (balbu) ya sebuleni ikang’aa kama jua, friji ikanguruma, na kale kasanduku kadogo ka girlandi, kale kenye kitufe cha kuchezesha taa, kakatoa mlio kama mahindi yanayopasuka. Harufu ya plastiki. Tawi moja lililogusa kasanduku likaanza kulegea polepole, mpira wa dhahabu ukateleza, ukaanguka, ukapasuka mbele ya viatu vya baba mkwe.

Hakuna aliyesema neno. Ndipo shemeji, mdogo wa mume wangu, bila hata kuinuka kwenye kiti, akauliza: “Shemeji, hii ni Noeli ao ni kilio?”

Walicheka wote. Mume wangu pia alicheka, na hilo nimelisamehe lakini sijalisahau. Nikaenda jikoni nikajifanya nageuza kuku.

Januari nilimwita fundi wa umeme wa mtaani kwetu. Alitazama ralonji yangu, waya wa kuongezea umeme, ile nyembamba nyeupe, iliyobeba friji, televisheni na girlandi nne kwa pamoja, akatikisa kichwa. “Mama, Mungu anakupenda.” Halafu akanifundisha vitu ambavyo hakuna duka litakalokufundisha.

Girlandi za zamani, zenye ampuli za waya, zimepangwa kwa mstari mmoja. Ampuli 100 zinagawana volti 220, kila moja inapata kama 2 tu. Moja ikitoka kwenye kiota chake, njia imekatika na mstari wote unalala. Nyingine zina kawaya kadogo ndani kanakoruhusu umeme kupita ampuli ikiungua. Basi zilizobaki zinapata zaidi ya haki yao, zinaungua moja baada ya nyingine, na wewe unasema umerogwa. Kwa hiyo dada wa Kamalondo: taa zako huenda zina mistari miwili, na mmoja umekatika. Chomoa kwenye prizi, soketi ya ukutani. Nimesema chomoa! Anza upande wa giza, bonyeza kila ampuli ikae vizuri kwenye kiota. Ikishindikana, chukua moja nzima kutoka upande unaowaka, ijaribu mahali pa kila moja iliyokufa, ukichomeka kuona tu, kisha uchomoe tena. Mimi ilinichukua karibu saa nzima, nimekaa kwenye mkeka. Kama taa zako ni za LED, zile za kisasa zisizokula umeme mwingi, zilizofungwa moja kwa moja kwenye waya, hapo huna la kubonyeza, nunua nyingine.

Na ukinunua, nunua LED. Girlandi ya LED ya ampuli 100 haifiki wati 10. Zile za zamani zinakula kama 40, na zinapata moto. Kwa hali ya umeme wetu sihitaji kusema zaidi.

Desemba iliyopita nilianza upya. Nilitandaza taa zote sakafuni, nikaziwasha, nikaziacha nikaenda kupika bukari (ugali). Niliporudi zilikuwa zinawaka bado. Ndipo nikapanda nazo mtini kuanzia chini, karibu na prizi, nikiingiza waya ndani hadi kwenye shina, kisha nje hadi ncha ya tawi, kisha ndani tena. Mti unawaka toka tumboni. Nilihesabu ampuli 100 kwa kila sentimita 30 za urefu, 500 jumla, zote rangi moja, ile nyeupe yenye umanjano wa buji. Mipira ilikuja mwisho. Mwaka 1882 Edward Johnson, aliyefanya kazi na Thomas Edison, yule wa ampuli za umeme, alitundika ampuli 80 nyekundu, nyeupe na buluu kwenye mti wake huko New York. Themanini tu! Mimi ninazo 500, hapa Katuba, Lubumbashi.

Jamani, tuache kununua mapambo kama tunanunua sifa. Umeme ukienda, chomoa. Ukirudi, subiri kidogo utulie. Usilale taa zinawaka na watoto wako chumba cha pili. Kama una mti wa kweli, sipre iliyokatwa, iweke kwenye ndoo ya maji na uangalie maji kila siku, maana ikikauka inawaka kama karatasi. Na mkaribishaji akiharibikiwa na kitu, usimcheke mbele ya watu. Inuka, shika tochi.

Usiku wa Noeli iliyopita umeme ulikwenda mara mbili. Nilichomoa mara mbili, nikachomeka mara mbili. Baba mkwe alivuta kiti chake karibu na mti, akalala hapo hapo na kofia usoni.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu. Ameoa, anataka sapini, anaomba nimwekee taa. Nimemwambia aje kunichukua Jumamosi, na ralonji anunue nene.