Mchumi wa Soko Huria Aliyepewa Wizara

SWALI: Mhariri, nasikia Ludwig Erhard wa Ujerumani Magharibi alikuwa mchumi kabla ya kuwa waziri. Je, alipopata madaraka aliyatekeleza aliyoyaamini?

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo; aliamini soko huria, na hilo ndilo alilolitekeleza. Erhard, aliyezaliwa Fürth mwaka 1897, alikuwa bado mkurugenzi wa uchumi katika kanda za Ujerumani zilizokaliwa na Marekani na Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, pale sarafu mpya ilipoanza kutumika tarehe 20 Juni 1948, naye akaondoa udhibiti wa bei za bidhaa nyingi, hata zilizokuwa zimefichwa ghalani zikarudi madukani. Bei zilipanda, na Novemba wafanyakazi wakagoma katika kanda hizo, lakini Erhard hakurudi nyuma. Alikuwa Waziri wa Uchumi tangu 1949 hadi 1963, kisha Kansela, yaani mkuu wa serikali, hadi 1966, cheo ambacho, kwa maoni yetu, hakikumkaa vizuri kama uwaziri.